Elezeni watu jinsi ya kuchukua choo cha kipimo

Mhariri,

Saratani ya utumbo mpana ikitajwa hapa Malindi, wengi hufikiria ule mpira wenye kamera unaoingizwa kwa njia ya haja kubwa, wakaona haya, wakanyamaza. Hawajaambiwa kwamba kwa mtu wa miaka 45 na zaidi asiye na dalili, uchunguzi waweza kuanza kwa kijiti na kichupa, msalani kwake.

Kipimo hicho, FIT, hutafuta kwenye kinyesi damu isiyoonekana kwa macho. Vyoo vyetu vingi ni vya shimo au vya kuchuchumaa, na kinyesi kikishaanguka majini hakifai tena. Kojoa kwanza, kisha tandika gazeti kavu au tumia kopo pana lililo safi. Kwaruza kijiti juu juu sehemu kadhaa, kinyesi kijaze vijifereji vya kijiti tu. Ukizidisha, dawa iliyo kichupani haitoshi. Funga vizuri, andika jina na tarehe.

Adui mkubwa hapa ni joto. Damu huharibika, na kichupa kilichosahaulika ndani ya tuktuk jua la kaskazi chaweza kuonyesha huna kitu, kumbe unacho. Kipeleke asubuhi ileile. Mwenye hedhi angoje imalizike. Nyama na samaki kula tu. Vile vipimo vya zamani vya damu chooni, vinavyoitwa guaiac, ndivyo vinavyovurugwa na nyama nyekundu, na vitamini C nyingi huificha damu, kwa hiyo uliza maabara watumia kipi.

Damu ikipatikana si lazima iwe saratani. Wengi hawakutwi nayo. Lakini kamera ni lazima, kwa sababu vinyama vinavyoota ndani ya utumbo huchukua miaka, mara nyingi kama 10, kugeuka saratani, na vingi hukatwa palepale vinapoonekana. Isipopatikana, rudia mwaka ujao.

Kinachotuuma zaidi ni mtu anayeona damu waziwazi, kisha ananunua dawa ya bawasiri mwezi baada ya mwezi. Huyo asingoje kichupa. Aende kwa daktari achunguzwe, hata kama ana miaka 30, na hata kama bawasiri anayo kweli, maana kuwa na moja hakuzuii nyingine.

Tunaziomba hospitali zetu zitoe kichupa pamoja na maelezo ya Kiswahili yenye picha, na maabara zipokee vichupa kila asubuhi, si siku ya kliniki pekee.

Wahudumu wa maabara,
Malindi