Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vyuo Vikuu na Sekondari Zetu za Iringa

Ndugu wanachama,

Mji wetu una vyuo vikuu vitatu vinavyoandaa walimu: Mkwawa, Ruaha na Chuo Kikuu cha Iringa. Mkwawa yenyewe ilikuwa sekondari ya juu hadi mwaka 2005, ilipogeuzwa kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ili kuongeza walimu wa sekondari za kata zilizokuwa zikijengwa chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES). Mji ukapoteza madarasa ya kidato cha tano na cha sita ya Mkwawa, ukapata walimu. Ila walimu wa somo gani, na kwa wiki ngapi? Hilo ndilo lililoishughulisha kamati yenu mwaka huu.

Barua za walimu wa mazoezi, yaani wanachuo wanaokuja shuleni kujifunza kufundisha, mara nyingi huja na majina bila masomo. Tuseme shule ina mikondo miwili ya kidato cha pili, kila mkondo una vipindi vitatu vya Jiografia kwa wiki. Wakija wanachuo wanne wa Jiografia, kila mmoja anaambulia kipindi kimoja na nusu, na Fizikia inabaki na mwalimu wake yuleyule mmoja. Wanachuo hukimbilia shule za mjini kwa sababu ya chumba na nauli, hasa bumu (fedha za mkopo wa wanachuo) likichelewa, na hatuwezi kuwalaumu. Kwa hiyo kamati ya taaluma imeandaa fomu ya ukurasa mmoja: somo, kidato, idadi ya vipindi visivyo na mwalimu, na jina la mwalimu mlezi, yaani mwalimu wa somo atakayemwongoza mwanachuo. Fomu hiyo ifike chuoni kabla ya mwisho wa Aprili. Ikifika Juni, mtajibiwa kwamba orodha imefungwa.

Tatizo kubwa zaidi ni makabidhiano. Mwanachuo akishaingia darasani, mwalimu wa somo hupumua na kuondoka. Msimamizi kutoka chuoni anapokaribia kuja, somo lililokwisha fundishwa vizuri hurudiwa ili lionekane zuri zaidi. Fungua daftari la mwanafunzi utakuta kichwa kilekile cha somo chini ya tarehe tatu. Wiki nane zikiisha, shajara ya mada zilizofundishwa inaonyesha zimekamilika, alama za majaribio ziko kwenye simu ya mtu aliyekwisha panda basi, na mtihani wa taifa wa kidato cha pili uko mlangoni. Dawa yake haina gharama: mwalimu mlezi akae darasani angalau kipindi kimoja kwa wiki, asaini shajara kila Ijumaa, na mkuu wa shule asijaze fomu ya tathmini ya mwanachuo kabla alama hazijaandikwa kwenye daftari la shule.

Kwenye maabara ndiko faida inakoonekana haraka. Lakini mwanachuo aliyezoea kukuta kemikali zimeandaliwa hukwama akikabidhiwa chupa ya asidi haidrokloriki kolezi ya asilimia 36. Kupata lita moja ya myeyusho wa molari 0.1 anahitaji takriban sentimita za ujazo 8.6 tu, na asidi ndiyo imiminwe ndani ya maji, kamwe si kinyume. Darasa la wanafunzi 40 likifanya taitresheni (jaribio la kupima ukolezi wa myeyusho), kila mmoja akitumia sentimita za ujazo 100, linamaliza lita nne. Mwanachuo na mwalimu mlezi waziandae pamoja siku moja kabla, wapime kwa bureti wenyewe kwanza.

Kuhusu wahitimu wanaojitolea wakisubiri ajira, tangu Januari 2016 ada imefutwa hadi kidato cha nne, hivyo posho yao haiwezi kuwa mchango wa lazima kwa mzazi. Mweka hazina ataeleza tulivyolipa. Walio wengi ni wa masomo ya sanaa. Tuwapokee pale tu penye vipindi wazi.

Mkutano unaombwa kupitisha mambo mawili: fomu ya Aprili itumike katika shule zote za wanachama, na shule isipokee wanachuo zaidi ya wawili wa somo moja kwa kila kidato.