Sonona isiyosikia dawa: mgonjwa aulizwe yaliyompata

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na madaktari, wauguzi wenzangu na familia zinazouguza watu wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, ambao, baada ya miaka ya kumeza dawa, bado hawajapata nafuu.

Kabla ya kustaafu nilifanya kazi katika kliniki ya afya ya akili ya hospitali moja ya mkoa. Namkumbuka mama mmoja wa miaka arobaini na kitu, ambaye daftari lake la matibabu lilikuwa limechakaa pembe zote. Ndani mliandikwa amitriptilini, dozi ikapanda, kisha fluoksetini, dozi ikapanda tena, na karibu kila ukurasa uliishia na maneno yaleyale: "Hana nafuu, aendelee." Kila alipokuja aliketi benchi la mwisho, mgongo ukutani, macho mlangoni. Siku moja foleni ilipokuwa fupi nilimuuliza kwa nini hasogei mbele. Alinyamaza kitambo, kisha akaniambia kwamba alipokuwa darasa la tano aliishi kwa ndugu, na chumba alicholala hakikuwa na komeo. Hakusema zaidi siku hiyo, wala sikumlazimisha. Katika daftari lile la miaka sita hapakuwa na mstari hata mmoja kuhusu utoto wake, na mimi niliyempima shinikizo la damu mara zote hizo nilikuwa miongoni mwa wasiouliza.

Kitaalamu, sonona huhesabiwa kuwa sugu pale mgonjwa anapokuwa ametumia angalau dawa mbili tofauti, kila moja kwa dozi ya kutosha na kwa wiki kadhaa, bila mafanikio. Hesabu hiyo ni ya vidonge tu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba waliotendewa ukatili utotoni wana uwezekano wa takriban mara mbili wa kupata sonona inayojirudia au isiyokwisha, na kwamba matibabu huwasaidia kidogo kuliko wengine. Kabla ya hapo, mwaka 2003, utafiti wa Marekani wa wagonjwa 681 wenye sonona ya muda mrefu ulikuwa umekwisha kubaini kwamba wale waliopatwa na kiwewe utotoni, yaani jeraha la moyo linaloachwa na tukio la kutisha, walinufaika zaidi na tiba ya mazungumzo kuliko dawa peke yake. Mtoto anayelala kwa hofu, mwili wake huzoea kukesha. Mfumo wa homoni za msongo huvurugika, usingizi huwa wa mang'amung'amu, naye hufika utu uzima akiwa bado anajihami.

Sisemi mtu aache dawa, kwani kuziacha ghafla bila ushauri wa daktari ni hatari, na wapo wengi zilizowaokoa. Nasema kwamba kabla ya kupandisha dozi kwa mara ya tatu, mgonjwa aulizwe yaliyompata. Kuuliza nako kuna adabu yake: haulizwi dirishani huku foleni ikisikiliza, wala mbele ya ndugu aliyemsindikiza, maana huenda ndugu huyo ndiye aliyemtenda.

Wala hili si la watu wachache. Utafiti wa kitaifa uliofanyika hapa Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Waliohojiwa wakiwa vijana sasa ni watu wazima, na baadhi yao bila shaka wamo kwenye foleni zetu.

Najua jibu litakalotolewa, kwamba wanasaikolojia hawatoshi, na ni kweli. Lakini huko Moshi na magharibi mwa Kenya, washauri wasio na taaluma ya saikolojia walifundishwa tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe wakawahudumia watoto waliofiwa na wazazi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba katika maeneo matatu kati ya manne dalili za kiwewe zilipungua zaidi kuliko kwa watoto waliopata huduma za kawaida.

Naiomba Wizara ya Afya iwafundishe wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii kazi hiyo, na kila kliniki ya afya ya akili itengewe chumba kimoja chenye mlango unaofungika, ambamo mgonjwa anaweza kukaa nusu saa bila kuitwa jina la anayefuata.

Muuguzi mstaafu,
Morogoro