Mkimbiaji aliyekoma hedhi apunguze kilomita, si kasi

Mhariri,

Mwanamke wa mbio ndefu akishavuka miaka 50 na muda wake ukaanza kurudi nyuma, huambiwa aongeze kilomita, apunguze kasi na aachane na kunyanyua vyuma. Sisi tunaofundisha mbio tunasema ushauri huo umepinduliwa. Mariko Yugeta wa Japani alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 52 na sekunde 13 mwaka 2021, akiwa na miaka 62. Muda huo hauji kwa kujikokota.

Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hushuka, na kinachoondoka upesi ni mifupa na misuli ya nguvu. Kilomita nyingi za taratibu hazirudishi kimojawapo. Basi zipunguzwe hizo, na siku moja kwa wiki ibaki ya kasi: dakika 3 kwa nguvu, dakika 3 taratibu, mara 5. Baada ya hapo zipite siku mbili nyepesi, si moja kama kwa kijana. Anayeng'ang'ania ratiba ya alipokuwa na miaka 30 huweza kuishia na maumivu ya ukano wa kisigino, ule mshipa mgumu ulio nyuma ya kifundo cha mguu.

Ukano huo huimarishwa kwa uzito. Simama kwa mguu mmoja kwenye ukingo wa ngazi, nyanyua kisigino kwa sekunde 3, kishushe kwa sekunde 3, mara 8 hadi 12, seti 3, siku mbili kwa wiki. Ukifikisha 15 bila kutetereka, vaa mkoba wenye mzigo. Wengi hubaki na uzito wa mwili miezi nenda miezi rudi, kisha hulilaumu zoezi.

Lipo na la aibu: mkojo kuvuja njiani. Wengi huacha kunywa maji, kumbe mkojo uliokolea huzidi kukichokoza kibofu. Kaza misuli ya chini ya nyonga kama unayezuia mkojo, sekunde 8, legeza 8, mara 8, na urudie mara 3 kwa siku. Usitarajie mabadiliko kabla ya wiki kadhaa, na usilifanye zoezi hilo ukiwa unakojoa.

Mwisho, madini ya chuma. Aliyekoma hedhi akikutwa amepungukiwa, asikimbilie vidonge tu. Damu ya kila mwezi haitoki tena. Daktari atafute kama kuna damu nyingine inayopotea, akianzia tumboni.

Makocha wa mbio ndefu