Acheni herufi tatu, zibeni tarakimu

Mhariri,

Naandika kuwaomba wapenzi wenzangu wa magari ya Kijapani ya mwendo kasi, hasa sisi wa Subaru na Mitsubishi Evolution hapa Nairobi na Kiambu, tubadilishe jambo moja. Ukiliona gari la mwenzako mjini likakupendeza, lipige picha, isambaze na ulisifu upendavyo. Ila ziba nambari ya usajili kwanza, wala usitaje mahali linapolala.

Sitaki mchezo huu wa kutambuana na kusifiana magari barabarani ufe. Umekwama kwenye msongamano wa Waiyaki Way jioni, umechoka, mara nyuma yako unasikia mngurumo wa kudundadunda wa EJ20, injini ya Subaru, hata kabla hujaliona gari lenyewe. Mngurumo huo una sababu yake: silinda nne zimelala, mbili kila upande, na mabomba ya kutolea moshi kwenye injini hayalingani urefu, hivyo moshi hufika kwenye turbo kwa mapigo yasiyo sawa. Mwenye sikio hatambui kwa kubahatisha. Anageuka, anaona tundu la hewa juu ya boneti, bawa la nyuma, pengine rimu za dhahabu kwenye bodi ya buluu, na kabla magari hayajasonga mmeshaulizana kupitia dirishani ni toleo la mwaka gani na fundi ni nani. Wengine humulikiana taa tu, ingawa dereva wa Kenya akimulikiwa hivyo hudhani polisi wa trafiki wako mbele na hupunguza mwendo.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya vijana wa mitandao. Si kweli. Wazee wetu walisimama kwenye vumbi kando ya barabara kuitazama Datsun 240Z ikishinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, kisha wakamwona Mkenya Joginder Singh akishinda kwa Mitsubishi Lancer mwaka 1974 na 1976. Wengi wa rika langu tulinaswa mwaka 1997, dereva Mskoti Colin McRae alipoipa Subaru Impreza ushindi wake wa kwanza katika Safari. Na tangu mashindano hayo yarudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, barabara ya Naivasha hujaa Subaru za kila umri wiki hiyo inapofika.

Lakini magari yenyewe hayaongezeki. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limezidi miaka minane, kwa hiyo Impreza ya miaka ya tisini au Mitsubishi Evolution ya tisa (Evo IX) haishuki tena bandarini Mombasa. Huko Japani, Subaru iliaga EJ20 kwa toleo la mwisho la WRX STI, gari lake la mwendo kasi zaidi katika jamii ya WRX, lililotangazwa mwaka 2019, magari 555 pekee, na mwaka 2022 ikasema WRX ya sasa haitapata STI ya petroli. Tulionayo ndiyo hayo hayo. Ndiyo maana giaboksi ya gia sita, viti, rimu na breki za magari haya hupata wanunuzi wasiouliza maswali. Mwizi hahitaji gari zima. Anahitaji kujua liko wapi na usiku linalindwa na nani.

Kijana mmoja ninayemfahamu alipigwa picha akiingia langoni kwa ploti anayoishi. Aliyepiga hakuwa na ubaya wowote. Aliandika jina la mtaa, akasifu rimu, na nambari ikaonekana wazi. Wiki hiyo haikwisha kabla gari halijakutwa asubuhi limekalishwa juu ya mawe. Dada mwingine mwenye Forester STI, ambazo hapa ni chache mno, alianza kusalimiwa na wanaume asiowajua wakimwambia walimwona Jumanne kule na Ijumaa pale. Aliacha kuliendesha kwa muda. Hilo la dada huyu liliniuma kuliko la rimu, kwa maana rimu hununuliwa nyingine.

Tusisahau kwamba yeyote mwenye nambari ya gari anaweza kulipa ada ndogo ya serikali na kupata jina la mwenye gari. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alikitoza kilabu kimoja cha burudani Nairobi faini ya Sh1.85 milioni kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Kwa maoni yangu, nambari inayomfikisha mtu kwenye jina langu inastahili heshima ileile inayopewa uso wangu.

Najua jibu nitakalopewa: nambari ni sehemu ya utamu. Nakubali. Herufi za mwanzo ndizo zinazokuonyesha kwamba gari hili la KBK lilisajiliwa mapema kuliko lile la KCG, na mtu aliyetunza STI ya KAX hadi leo anastahili kuvuliwa kofia. Basi acheni herufi hizo tatu zionekane, mzibe tarakimu na herufi ya mwisho. Historia ya gari inabaki, anwani ya mwenyewe inaondoka. Simu yoyote inafanya kazi hiyo kwa sekunde chache. Na anayepiga picha awe abiria. Nimeona madereva wakirekodi video kwa mkono mmoja Thika Road gari likiwa mbioni, na hilo halina utetezi.

Mwisho nakugeukia wewe, Mhariri. Kurasa zako za magari huchapisha picha za maonyesho na mikutano yetu, nambari zikisomeka zote. Waambie wapigapicha wako wazizibe kuanzia toleo lijalo.

Mmiliki wa Impreza,
Ruaka, Kiambu