Tunahimizwa kupimwa retina, tukifika tunateswa

Mhariri,

Ile taarifa yenu iliyowakaripia wagonjwa wa kisukari kwa kutopimwa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kila mwaka imeniudhi. Nimelisoma gazeti hili tangu ujana wangu bila kuandika neno, lakini hapo mmetuonea. Hamkuuliza kwa nini aliyepimwa mara moja hataki kurudi.

Nilimpeleka mama kwenye kliniki moja hapa Nairobi, kwa sababu ya kisukari na vimulimuli alivyokuwa akiviona. Alitiwa matone ya kupanua mboni bila kuambiwa kwamba yanachoma, wala kwamba kwa saa kadhaa hataweza kusoma na mwanga utamuumiza. Tukakalishwa karibu nusu saa mbele ya dirisha lisilo na pazia, jua la asubuhi likimpiga usoni. Mboni zikiwa zimeshapanuka, ndipo wakamletea fomu asome na kutia sahihi! Chumbani daktari akamwangazia ile taa kali ya kuvaa kichwani: "Tazama juu! Usipepese!" Kisha, kimya kimya, akachukua kifaa cha chuma akaanza kumbonyeza juu ya ukope. Mama alishtuka, akagombezwa. Mzee wa miaka zaidi ya 70 anagombezwa kama mtoto mtundu! Najua kubonyeza kuna sababu, maana retina inaweza kuchanika pembeni kabisa, mahali pasipoonekana kwa urahisi. Lakini matone ya ganzi yapo, na kusema "Mama, sasa nitabonyeza kidogo, ukiumia inua mkono" hakugharimu hata shilingi.

Tukapanda matatu ya kurudi Kasarani. Ndani, mchana kweupe, taa za rangi zinawaka na kuzimika. Mama alijifunika leso usoni njia nzima. Niliomba zizimwe, kondakta akaongeza muziki. Taa hizo nazo ziondolewe, zinaumiza hata macho mazima.

Kliniki zipige simu siku moja kabla, mgonjwa aambiwe aje na miwani ya jua na mtu wa kumshika mkono. Fomu zijazwe kabla ya matone. Chumba cha kusubiri kiwe na pazia zito. Daktari akimulika, ahesabu kwa sauti hadi tano, aondoe taa, mgonjwa apumue, ndipo aendelee.

Mama amekataa kurudi mwaka huu, na siwezi kumlaumu. Mkiandika tena kuhusu kisukari na upofu, waulizeni kwanza waliokaa kwenye kile kiti.

Binti wa mgonjwa,
Kasarani, Nairobi