Dada, kwa kuwa simu zangu hupokei

Shkamoo dada. Umenibloku wasapu, umenibloku na kwenye laini ya kawaida, nikipiga kwa simu ya wifi yako ukisikia tu pumzi yangu unakata, kwaio naandika hapa mana najua usiku ukishakanda unga wako wa maandazi ukaufunika lazima upite huku kusoma ya watu. Basi leo usome na yetu. Mtakaopita mtuwie radhi, haya ni mambo ya nyumbani, ila nyumbani nimefungiwa mlango tangu mfungo mosi na sasa tumeingia mfungo nne.

Nasikia goti limepoa, alhamdulillahi. Wifi yako kaniambia alikuona sokoni unatembea mwenyewe bila kushika mtu. Nlifurahi mpaka nikatoka na baiskeli nije, nikafika pale njia ya kuingilia Mikanjuni nikageuza.

Nimesikia pia umempeleka kijana bweni huko bara akanyooshwe, na kwamba uliwaambia walimu nyama yenu, mifupa yangu. Dada. Maneno hayo mzee aliyasema siku ananipeleka mimi chuoni, na we unakumbuka nlirudi na mgongo wa namna gani na nani alinikanda kwa maji ya chumvi usiku kucha huku analia yeye kuliko mimi. Ulikuwa na miaka kumi na nne. Ukaapa hutamkabidhi mwanao kwa mtu kwa maneno hayo. Mi nimeyashika mpaka leo, we umeyaacha wapi?

Ntajaribu nisikusute. Nikishindwa ujue ni kwa sababu ya ile siku ya harusi ya mdogo wetu, mana hiyo kila nikilala inarudi.

Nlikuwa uani kwenye masufuria, naona kila kitu kupitia lile pazia la kanga. Kijana alikuwa anapeleka masinia kwa akinamama, tangu asubuhi hajakaa, na nlishaona anatembea kama mtu aliyeamshwa usingizini hajui yuko wapi. Sinia la nne au la tano likamponyoka pale kizingitini, pilau lote likamwagika kwenye jamvi, likamrukia na bi mkwe wa mdogo wetu kwenye pindo la baibui. Sinia la pilau tu dada. Hakuna harusi ya barabara ya 14 ambayo sinia halijamwagika, watu huwa wanapiga kelele kidogo linaletwa lingine. We ukasimama. Ukaanza na matokeo. Ukawatangazia watu hata hawamjui kwamba huyu ndo yule wa kurudia kidato cha pili, kazi yake kulala kama gogo, haogi mpaka asukumwe, akisemeshwa ananuna, wakacheka, na nliona kicheko chao kinavyokupa nguvu. Halafu ukasema lile. Bora babu yako kafa hajaliona hili.

Kicheko kikakatika. Kuna bi mmoja alisema astaghfirullah, nlimsikia mpaka uani. Kijana hakujibu wala hakulia, alipiga magoti akawa anaokota wali kwa mkono anarudisha kwenye sinia, na wali ulikuwa wa moto, mi ndo nliupakua, najua ulivokuwa wa moto. Na mimi mjomba wake nimesimama na mwiko mkononi. Sikutoka. Nikajisemea haya ya wanawake huko ndani yataisha, nikafunika sufuria.

Saa tano usiku ndo wifi yako akauliza kijana yuko wapi. We ulisema atakuwa kwa wenzake. Nlizunguka Ngamiani yote kwa baiskeli, nikaenda uwanjani, nikarudi bandani kwangu Makorora labda kajificha, hayupo, saa saba hivi ndo akili ikaniambia Raskazone. Nlimkuta amekaa pale pale alipokuwa anamkalisha mzee jioni wakiangalia madau, kanzu ya harusi imelowa chini kwa maji ya bahari. Nlikaa pembeni yake. Nikamwambia usimwekee mama yako hasira. Akanijibu taratibu kabisa, "Mjomba mi wala sina hasira. Ndani hamna kitu."

Nlimpakia kwenye keria nikarudi naye, njia nzima kaegemeza paji la uso mgongoni kwangu.

Ndo mana asubuhi nlikwambia alilala kwangu tangu jioni. Nlikudanganya, nakiri hadharani. Lakini niambie ningesemaje? Hakufanya kitu, nisieleweke vibaya, alikaa tu, ila mtaani mtoto akikutwa baharini usiku wa manane neno linalofuata unalijua, na sheria yetu ya Kanuni ya Adhabu kifungu cha 217 inasema anayejaribu kujiua ametenda kosa, kwaio watu wanaficha, hata ambao hawana cha kuficha wanaficha, na mi nikaficha. Sikutaka mwanao aitwe jina. Hilo hujawahi kunipa hata siku moja nafasi ya kulisema.

Na kumpeleka hospitali ya Bombo bila ruhusa yako, hapo ndo umenishikia kisu. Umesema nimekuvunjia heshima. Dada mi nlikuja kwako Jumatatu asubuhi, ukaniambia una oda ya maandazi mia mbili na mtoto hana ugonjwa bali ana kiburi. Nikaenda naye. Wewe ungekuwa na mwanangu mimi, ungengoja?

Yule daktari, binti mdogo tu, alimuuliza vitu ambavyo hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza. Unalala saa ngapi, chakula unakionaje, ni kitu gani ulikuwa unakipenda sasa hukitaki, na hali hii ina muda gani. Akasema zikipita wiki mbili mtu yuko hivo kila siku, si uvivu tena, inabidi waangalie kama ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Kijana akajibu tangu babu. Tangu babu dada! Mwaka mzima na miezi. Tulisoma hitima, arubaini ikapita, tukagawana kanzu, redio, bakora, yeye aliyekuwa analala chumba kimoja na mzee, aliyekuwa anampeleka sala ya alfajiri, hakuna aliyemgawia hata neno. Tena mimi ndo nlimshika bega pale makaburini nikamwambia mwanaume halii. Nlimbana kwa nguvu kabisa. Kwenye lile benchi la hospitali nlikumbuka vidole vyangu.

Daktari akanieleza kuwa ubongo wa kijana haukomai wote kwa mpigo. Upande wa hisia unachangamka mapema balehe ikianza, ila sehemu ya mbele, nyuma ya paji hili, ya kupima jambo na kujizuia, inaendelea kujijenga mpaka kwenye miaka 25 hivi. Akasema ndo mana wengi wanakwenda kasi breki hazijakaza. Nikamwambia dokta huyu wangu sio kwamba hana breki, huyu breki zimeng'ang'ania kwenye ringi, gurudumu haliendi. Akasema ndio, inakuja hivo pia, na kwa watoto wa kiume mara nyingi nyumbani wanaona kununa na uvivu tu, machozi hawayaoni.

Na hili la usingizi nalisema kwa sauti mana ndo ulilompigia kelele sana. Mtoto akibalehe ile homoni ya kuleta usingizi inachelewa kutoka usiku, kwaio hata umzimie taa saa tatu macho yanabaki makavu. Na mwili wake unataka masaa 8 mpaka 10 ya kulala. Wako alikuwa anapata usingizi saa sita, saa kumi alfajiri unamwamsha kwa ajili ya tuisheni kabla ya shule, hesabu mwenyewe. Mtu mzima akilala masaa manne tu kila siku mwaka mzima tunamwambia anaumwa, yeye tukamwita gogo.

Mi nlikuwa na dalili mbele ya macho yangu, sijivui. Tangu ana miaka kumi alikuwa ananishinda kuziba pancha. Anazamisha tyubu kwenye karai, tundu kalipata, msasa, solusheni, kiraka, kamaliza, anadai mia yake. Baada ya mzee kufa alikuwa anazamisha tyubu anakaa anaangalia mapovu yanavyopanda. Hatafuti tundu. Mteja anangoja, mi namfokea, anaitikia naam mjomba, bado anaangalia mapovu.

Halafu ukaja bandani mbele ya wateja ukaniuliza nataka nimpeleke mwanao Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili. Ulitaka kuniumiza, na kweli uliniumiza, ila kwa sababu uliyoifikiria wewe siyo. Sisi watu wa Tanga tumelifanya jina la pale mlimani kuwa tusi. Pale Korogwe juu Wajerumani walianza miaka ya 1890 kwa kulea watoto waliokombolewa kwenye utumwa, wagonjwa wa akili walianza kupokelewa baadae. Kabla ya yote palikuwa pa watoto waliopoteza watu wao. Na wala hakuna aliyesema aende huko, hata dawa hajapewa, daktari alitaka aje akae naye waongee, kila wiki mbili. Waongee tu dada. Unaogopa nini mtoto akiongea?

Kama unaogopa atakusema, hakukusema. Aliulizwa nyumbani kukoje akajibu mama anachoka sana.

Na we usiniambie mambo ya kukaa na mtu wa pembeni kusema ya moyoni ni ya kizungu. Ulipovunja ungo ulikuwa na somo wako, marehemu bi wa pale kona, mnajifungia naye tangu alasiri, mama hapewi hata nafasi ya kuchungulia, na ukitoka mle uso umekunjuka. Wazee walijua kuna umri mtoto hawezi kumwambia mzazi, wakaweka mtu. Sisi wa kiume tulikatwa tukarudishwa nyumbani tuitwe wanaume, basi. Mwanao mtu wake alikuwa babu. Babu kaondoka. Nlifikiri hiyo nafasi ni yangu, mana mjomba ni nani kama sio huyo? Ukasema najifanya baba yake.

Labda kweli nlizidisha. Ila sikujifanya baba, na kama ningenyamaza ungekuja kunilaumu kwa nini nlinyamaza, nakujua, na ungekuwa na haki.

Shirika la Afya Duniani wanasema kati ya kila watoto saba wa miaka 10 hadi 19 mmoja ana tatizo la afya ya akili. Nlipolisoma hilo nikakumbuka jamvi la watoto siku ile ya harusi, walikaa kama ishirini na moja hivi wakubwa wakubwa. Wetu namjua. Wengine wawili kila nikirudisha zile sura sijui ni wepi, na walimsikia mama wa mwenzao anasema nini.

Sasa niseme la baiskeli, nalo ni langu. Ile Phoenix ya mzee uliponiambia niiuze ulipie tuisheni, sikubisha, nikaipaka rangi, nikabadilisha tandiko, nikauza siku mbili tu. Kijana alitoka shule akakuta mtu wa Duga anapanda anaondoka nayo. Aliuliza ile si ya babu, nikamwambia ya babu ilishakufa. Nlisema hivo hivo. Kwaio ukisema nakuhukumu kwa neno moja, na mimi ninalo langu moja. Tofauti ni kwamba langu nlikwenda nikamwambia nimekosea, alitikisa kichwa, hakusema sawa wala si sawa. Lako bado liko pale kwenye jamvi na we ndo wa kwenda kuliokota.

Baiskeli nimeirudisha. Yule mtu alitaka zaidi ya alichonipa, nikampa. Iko bandani.

Naomba umpigie mwalimu wa bweni uongee na kijana mwenyewe, usimuulize masomo, muulize analala? Anakula? Mwambie kwenye simu yoyote ikiwa kuna siku ndani hamna kitu kabisa apige 116, ni ya watoto, haikatwi hela, na akishindwa anipigie mimi hata saa nane. Namba yangu anayo kichwani tangu yuko darasa la tatu. Ruhusu aje likizo, na siku akija usimwandalie watu wa kumuona.

Kadi yake ya kliniki ninayo mimi, tarehe zimepita nne. Nlienda kuulizia wakasema aje tu, faili lipo. Nimempa wifi yako kadi, ameiweka kwenye bahasha, Ijumaa baada ya sala atapita kwako na bakuli la mbaazi. Yeye hana ugomvi na wewe. Usimrudishe mlangoni.