Wacheni kuchora njia ya ndege na rula

Mhariri,

Ile picha mliweka wiki iliyopita ya safari ya Nairobi mpaka New York imeleta noma hapa kwa kinyozi wetu Umoja, na mimi naona ni nyinyi mlituanzia. Mlichukua ramani mkaweka rula mkavuta laini moja kutoka uwanja wa ndege wa JKIA hapa Nairobi, Uganda, Kongo, Nigeria, Burkina Faso, ikaingia baharini kule Mauritania. Sasa kuna fundi wa nguo hapa jirani, kijana wa dadake alienda huko mwaka jana, akasema hiyo ni uongo, kijana alikuwa anaangalia ile skrini ya kwa kiti usiku wote na ndege ilipanda tu juu, Chad, jangwa ya Algeria, ikatokea Morocco. Wee, alichekwa! Eti rubani alikuwa amepotea.

Hakuna kupotea hapo. Mtoto wa kinyozi ako na ile mpira ya plastiki imechorwa dunia, fundi akatoa uzi mweusi, mmoja akashika Nairobi na kidole gumba, mwingine New York, tukavuta mpaka uzi ukakaza. Ukateleza wenyewe kwenda kaskazini, ukakaa hapo Sahara. Mzee mmoja alikuwa nusu amenyolewa alisimama na shuka shingoni kuja kuangalia. Hiyo njia ya uzi ndio fupi, kama kilomita 11,800, na hiyo yenu ya rula inazidi kwa zaidi ya kilomita 300, ni kama mtu aongeze safari ya Voi bila sababu na mafuta ya ndege vile yako bei.

Halafu masaa. Mtu akisoma ndege imetoka saa tano usiku ikafika saa kumi na mbili asubuhi anahesabu saba, na kuna jamaa aliapa hapa kwamba New York ni karibu kuliko vile watu husema, basi ya Busia inakaa zaidi! Wakati wa baridi yao New York iko nyuma yetu masaa 8, kwa hivyo huyo abiria amekaa kwa kiti masaa 15, miguu imefura. Kurudi ni kama 14, juu upepo wa huko juu unavuma kutoka magharibi na unasukuma ndege kuja huku. Hii moja kwa moja bila kushuka popote tulianza kuipata Oktoba 2018, kabla ya hapo ilikuwa lazima ubadilishe ndege mahali.

Basi mkichora ingine mpinde hiyo laini, na muandike masaa ya angani kando na ya saa ya ukutani. Mpira bado uko kwa kinyozi, mchoraji wenu akitaka akuje tu, lakini uzi aje na wake, fundi ameshaurudisha kwa cherehani.

Msomaji wenu,
Umoja, Nairobi